Vijana wanasoma, shida ni vitabu: jibu kutoka Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Nawasalimu nyote hapo gazetini. Naandika kujibu ile barua mliyoichapa ya ndugu mmoja aliyesema eti vijana wa Lubumbashi hawasomi, simu imewala akili, na hata wangetaka kusoma basi Kiswahili chenyewe hakina riwaya, riwaya ni za Kifaransa, Kiswahili ni cha sokoni na cha kanisani. Niliisoma nikakasirika, nikairudia nikacheka, halafu nikaona heri nijibu tu, maana mtu akisema jambo la uongo mbele yako ukanyamaza wenzako watadhani umekubali.

Mimi ni fundi wa kushona, nina atelie komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si mbali na soko. Fasihi sikuisomea popote, sekondari nilisomea ushonaji nikaishia hapo. Lakini kwenye meza yangu ya kukatia, pembeni ya pasi, kuna vitabu vya Adam Shafi, yule mwandishi wa Zanzibar aliyezaliwa 1940, na vinasomwa hadi vinaachia gundi. Navishonea majalada ya mabaki ya vitenge visichanike haraka, kwa hiyo wasomaji wangu wengi hata hawaviiti kwa majina yake, wanasema mama nipe kile cha ndege, nipe kile cha maua ya njano. Cha ndege ni Kuli. Cha maua ya njano ni Vuta N'kuvute na hicho ndicho kinachogombaniwa.

Vinafikaje huku, yule ndugu atauliza, sababu ni kweli ukizunguka mjini kwa wauza vitabu wa barabarani utaona Kifaransa kitupu, vitabu vya shule, vya dini, vya kujifunza biashara, riwaya ya Kiswahili utaitafuta hadi viatu viishe soli. Mdogo wangu anaendesha lori la shaba. Anapakia huku, anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anaipasua Zambia yote hadi Nakonde, anaingia Tunduma, Mbeya, mpaka bandarini Dar es Salaam. Akirudi analeta vitu alivyoagizwa na watu, mimi namwagiza vitabu. Mwanzoni alinicheka, "yaya, dada yangu, watu wanaagiza simu, wewe unaagiza makaratasi?" Leo duka la vitabu pale Samora Avenue analijua kuliko mimi na anasoma mwenyewe kwenye foleni ya Kasumbalesa, na ile foleni wanaoijua wanaijua, unaweza kumaliza riwaya nzima hujaliona geti.

Na hiyo njia si ya leo wala jana. Watu wa Msiri, mfalme wa zamani kule Bunkeya, walipeleka pembe na shaba kuelekea pwani kwa miguu, misafara ikarudi na vitambaa, shanga, bunduki, na lugha ikaingia humo humo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kitabu cha Zanzibar ni cha kigeni kwetu nashangaa kidogo. Vya pwani vyote tulivipokea, mpaka lugha tunayogombania nayo bei ya nyanya, sasa vitabu ndivyo tuvionee haya?

Sasa niseme vinavyosomwa. Umeme ukikatika, na unakatika, mashine za umeme zinalala, tunabaki na zile za kukanyaga na kazi za mkono, kukunja pindo, kupachika vifungo. Hapo binti mmoja kati ya wanaojifunza kazi anaenda kukaa mlangoni penye mwanga anasoma kwa sauti, wengine wanashona, akichoka koo anapokewa na mwenzake. Anayesoma mbio anakemewa, anayeruka mstari anashikwa hapo hapo sababu kuna wenzake wameshasoma mbele kwa siri. Mteja aliyekuja na hasira kwamba robe yake, gauni la harusi, haijaisha anakaa kwenye benchi anasema nangoja dakika mbili tu, baadaye unamsikia anauliza habari ya kijana wa humo kitabuni, "Sasa huyu Denge atamuoa ao hapana?" Robe amesahau. Siwezi kusema hiyo haijanisaidia kibiashara.

Vuta N'kuvute, kwa wale wasioijua, ilitoka 1999 lakini mambo yake ni ya Zanzibar ya ukoloni, miaka ile watu walipoanza kudai uhuru. Kuna Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Adam Shafi hasimami mbele kama katekista akakwambia ndoa hii mbaya. Anakuingiza ndani ya nyumba ile na huyo mtoto na huyo mzee, anakuacha humo, mpaka wewe mwenyewe unaanza kuangalia mlango uko wapi. Yasmin anakimbia, kwao hawataki hata kumsikia, anajikuta mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa maisha ya chini lakini mwenye moyo, anayejua kula raha yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mabinti wangu wanampenda Mwajuma kuliko Yasmin mwenyewe. Mmoja aliniambia kila avenyu ya komine ya Katuba ina Mwajuma wake, na watu wanaomsema vibaya mchana ndio hao hao wanaomgongea usiku wakipata matatizo.

Hapo ndipo vita inapoanzia. Bamama wanaosubiri nguo wanasema mtoto kamwaibisha mama yake, mabinti wanajibu huyo mama alimwaibisha mtoto kwanza, mmoja anauliza kwa upole kabisa, "Mama, ingekuwa ni weye ungekaa?" na kimya kinaingia, kisha mama mmoja anasema mimi nilikaa. Hivi hivi, mimi nilikaa, halafu akaomba apewe chumvi na limau ale embe lake. Tukaendelea kusoma. Toka hapo mazungumzo ya mahari, ya kuchaguliwa mchumba na wajomba, ya binti kuachishwa shule ili kaka zake wamalize, yote yamepitia kwa huyo Yasmin, mambo ambayo ukiyaleta peke yake kwenye benchi watu wanasema umekuja kufundisha watoto wa wengine kiburi.

Kuhusu Denge sitaki kuwamalizia hadithi wasioisoma. Niseme tu ni kijana aliyesoma Urusi, karudi kwao hana kazi na hataki kazi ya wakoloni, anapitisha vitabu na magazeti yaliyopigwa marufuku, na Inspekta Wright yuko nyuma yake kila ukurasa. Mimi binafsi naona makachero wa humo wanadanganywa kirahisi mno, polisi ninaowajua mimi wangemshika mapema, lakini nikisema hivyo mabinti wananizomea. Filamu pia ipo, ilitengenezwa na Mtanzania Amil Shivji, ilitoka 2021, vipande vyake vinazunguka kwenye simu na kuna vijana waliokuja kwangu kuuliza kitabu baada ya kuviona. Yule ndugu anayesema simu imewala akili, hilo aliweke kwenye hesabu yake.

Kwenye Kuli mambo yalikuwa mengine kabisa na hapa naomba nafasi kidogo.

Kuli ni ya 1979. Ni habari ya Rashidi, kijana maskini anayeingia kazi ya upagazi bandarini Zanzibar kama baba yake kabla yake, na inakwenda mpaka kwenye ule mgomo mkubwa wa 1948, ambao ulikuwepo kweli, makuli wa bandari waligoma na mji ukasimama pamoja nao. Kilikuwa hakichukuliwi sana. Mabinti walikiona cha kiume. Halafu akaja papa mmoja, mzee aliyefanya kazi kampuni ya migodi ya Gécamines maisha yake yote, alitaka apunguziwe kiuno cha suruali maana alikuwa amekonda, akakiokota mezani akaanza kukisoma amesimama. Akaomba aende nacho. Alirudi hajakimaliza, suruali yenyewe hakuiulizia, akaniuliza, "Mama, huyu muntu alifikaka huku kwetu?"

Nikamwambia sidhani, huyu ni wa Zanzibar. Akasema basi aliambiwa. Akakaa akaanza kusimulia ya 1941. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, walikuwa wamegoma, maisha yalikuwa yamepanda bei kwa ajili ya vita ya Wazungu huko Ulaya na mshahara haukutosha, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa hapa Lubumbashi, ukiitwa bado Élisabethville, na tarehe 9 Desemba askari wakawafyatulia risasi. Watu wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani, aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake. Papa yeye alikuwa hajazaliwa, alisimuliwa na baba yake aliyekuwa mtoto kampini, kambi ya wafanyakazi, siku zile. Alisimulia taratibu, kitabu amekiweka juu ya goti, kidole ndani mahali alipofikia.

Mabinti waliacha kushona. Mmoja akauliza uwanja upi, mwingine akauliza kwa nini hatukufundishwa, na hilo swali mimi sikuwa na jibu lake, na mimi mwenyewe mambo hayo nilikuwa nayajua nusu nusu tu. Watoto waliozaliwa Lubumbashi, wengine babu zao walichimba shaba ile ile, wakajua habari ya kwao kwa sababu mtu wa kisiwani aliandika habari ya kwao kisiwani. Baada ya papa kuondoka Kuli kikapanda cheo, sasa kina foleni. Siku nyingine papa alirudi akawaonyesha jinsi gunia linavyopokelewa mgongoni, alichuchumaa, akaikaza shingo, akageuza kiganja nyuma, akasema mwandishi anajua hapa pa shingo, mtu ambaye hajabeba hawezi kujua hapa, au kama hajabeba basi alikaa sana na waliobeba. Sijasikia tangazo zuri la kitabu kuliko hilo.

Na kwa vile nimeitaja Desemba ya 1941, niseme pembeni, Mudimbe wetu, mwandishi V. Y. Mudimbe wa Likasi, alizaliwa tarehe 8 Desemba mwaka huo huo, siku moja kabla ya zile risasi. Naye ni wetu na Kifaransa chake ni chetu, kijana mmoja wa chuo kikuu anayeshona mashati yake kwangu hatoki nyumbani bila Mudimbe mfukoni. Mimi sigombani na Kifaransa. Nagombana na mtu anayesema nje ya Kifaransa hakuna kitu.

Huyo kijana wa chuo ndiye aliyenifundisha jambo lingine. Nilikuwa nimemwazima Kasri ya Mwinyi Fuad, ile ya 1978, habari ya Fuad, mtoto wa tajiri wa mashamba ya karafuu, na Kijakazi, mama mtu mzima anayewatumikia mpaka mifupa inaisha, mpaka mapinduzi ya Januari 1964 yanapokuja kupindua meza. Akaniambia hiki kipo na kwa Kifaransa, kinaitwa Les girofliers de Zanzibar. Nikafurahi, nikasema kumbe hata kwa wale wasioamini kitu mpaka kiandikwe Kifaransa njia ipo, mwonyeshe kwanza cha Kifaransa halafu umwambie mama yake huyu ni Mswahili. Halafu akaniambia tena, mama, hata huku kuna mtu aliandika habari za watumishi wa nyumbani kwa Kiswahili chetu hiki hiki, si cha Zanzibar, cha kwetu, 1965. Ni kitabu kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, mwandishi ni André Yav, kiliandikwa kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani, wale waliopika na kufua na kulea watoto kwenye nyumba za Wazungu. Kinasimulia mji huu tangu mwanzo kama walivyouona wao kutoka jikoni. Akaniletea kurasa zake chache za fotokopi. Tulizisoma siku moja baada ya Kijakazi, na hapo ilikuwa zamu ya bamama wazee kusimulia, sababu nani hapa hana shangazi aliyefanya kazi ya ndani. Mmoja alijua bado kupika supu ya bosi wake wa zamani, akatutajia viungo kimoja kimoja, kwa chuki kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisema Kiswahili chetu ni cha sokoni tu, wale maboyi wa 1965 walikwisha kukujibu.

Sasa Haini sikitoi hovyo. Ni kitabu kikubwa, pengine ndicho kikubwa kuliko vyote alivyoandika Adam Shafi, lakini kinaanzia kwenye kuuawa kwa kiongozi na watu kuzolewa kupelekwa gerezani, na wengi walizolewa bila hata kujua wamefanya nini. Wanaojua wanajua ni Zanzibar ya Aprili 1972, Rais Karume alipouawa tarehe 7, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa kati ya waliofungwa, hivyo mle ndani anapoandika njaa na kiu na mlango unavyofunguliwa usiku haandiki kwa kusikia. Huku kwetu kuna watu wana kumbukumbu zao na milango inayofunguliwa usiku. Mama mmoja alinirudishia bila neno, akachukua Vuta N'kuvute mara nyingine. Toka siku ile nampa mtu ninayemjua, tena namwambia kabla. Vijana wanaotoka nyumbani kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini au wanaowaza Ulaya hao nawapa Mbali na Nyumbani, ya 2013, ambamo anasimulia ujana wake alivyotoka Zanzibar akiota Ulaya, akapita Kenya, Uganda, Sudani, mpaka Misri, pesa hana, karatasi hana, anacheka mwenyewe matatizo yake. Hicho kinarudi kichafu sana, kina vumbi la barabara. Kimoja hakikurudi, nadhani kiko Lusaka au kimeshapita, Mungu akibariki.

Watu wananiuliza nafanyaje visipotee. Vinapotea. Nina daftari, naandika jina na jalada, cha ndege kwa nani, cha maua kwa nani, na sidai faini wala kitambulisho, sababu nikidai kitambulisho atakayekuja ni yule aliyezoea maofisi, na huyo tayari anasoma. Ninayemtaka mimi ni yule binti anayeuza dagaa wa kapenta pale kona, ambaye alianza kwa kusimama mlangoni akisikiliza na beseni kichwani. Kwanza hakuwa mteja. Siku moja nikamwambia weka beseni chini. Sasa anasoma kwa sauti kuliko wote, tena anafanya na sauti za watu, Bwana Raza anamfanyia sauti ya pua na sijui alitoa wapi lakini benchi zima linakubali Raza anaongea vile.

Lugha yenyewe je, wanaielewa? Kurasa za kwanza wanalalamika, maneno ya Unguja yanawagonga, baadaye hawayasikii tena wanafuata mtu anakwenda wapi. Ukisoma kwa sauti inapita haraka zaidi. Kosa ni kumpa mtu kitabu halafu kumpa na kazi, eti aandike maneno magumu, aeleze dhamira, aje aulizwe maswali. Ukifanya hivyo umemrudisha kalasi na wengi kalasi iliwatupa nje kwa sababu ya pesa, hawana hamu ya kurudi kwa mlango huo. Mimi siulizi umeelewa nini. Nauliza umefika wapi, basi, na akisema amefika pale Yasmin anapopanda meli namwambia ahaa, subiri.

Wengine wanasoma kwenye simu, vitabu vizima vimepigwa picha vinatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Siwezi kuwa polisi wa hilo, najua bei ya kitabu ukiongeza usafiri hadi huku inakaribia kilo kadhaa za unga na mtu ana watoto. Lakini mwandishi naye anakula, na mchapaji naye, na kama hakuna anayenunua hata kimoja basi mdogo wangu siku moja atafika Samora akute wanauza simu. Mimi nanunua kimoja kinasomwa na benchi zima, naona hapo kidogo tumekutana katikati. Wateja wangu wengine tumeanzisha likelemba ya vitabu, kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, lori likienda Dar pesa inakwenda nalo, kitabu kikija anasoma kwanza aliyepigiwa zamu. Waliosema mwanzoni ni upuuzi sasa wanauliza zamu yao lini.

Na watu wa mashule, jamani. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwenye katiba yetu, na Lingala, Kikongo na Tshiluba, watoto wadogo wanaanza kusoma nacho, halafu wakikua kinaachwa kama nguo iliyobana na sekondari nzima mtoto hashiki riwaya ya Kiswahili hata moja. Halafu mtu anaandika gazetini hawasomi. Sisemi wafute kitu. Waweke viwili vitatu tu kwenye kabati, tena kabati lisifungwe na ufunguo, na mwalimu mmoja asome sura moja kwa sauti Ijumaa mchana watoto wakiwa wamechoka. Watakaonyoosha mikono Jumatatu kuuliza kitabu kiko wapi watatosha.

Nina maombi kwenu Bwana Mhariri, mkiweza. Tengeni kona ndogo gazetini, hata mara moja kwa wiki, wasomaji waandike nina kitabu fulani nakitafuta fulani, tubadilishane. Hamhitaji kulipa mtu. Kuna watu Likasi, Kolwezi, Kalemie wana vitabu vya Kiswahili walivyoletewa Tanzania vinaliwa na panya, na kuna wengine wanavitafuta, hawajuani tu. Madereva wapo. Kutoka hapa hadi Kolwezi kifurushi cha kitabu kimoja dereva hakukatai, mpe na soda.

Naanza na langu. Kasri ya Mwinyi Fuad yangu, ile ya Kiswahili, ilitoka kwenye atelie wakati wa mvua na jina lililoandikwa kwenye daftari halisomeki, naona aliyeandika alikuwa na chaki mkononi badala ya kalamu. Jalada lake ni kitenge cha bluu chenye samaki. Aliye nacho aendelee kusoma mpaka amalize, simgombezi, kisha akirudishe, au kama amemwazima mwingine aniambie tu kiko kwa nani. Na asiyejua kilipo lakini ana nakala nyingine nzima yenye kurasa zote, namshonea shati la kiume la mikono mirefu au robe ya kawaida, kitambaa alete yeye, uzi na vifungo juu yangu. Robe ya harusi hapana, hiyo kazi yake ni nyingi.

Fundi wa kushona, komine ya Kenya,
Lubumbashi